Nakala Safi

Chuo cha uuguzi huko bara kilimpa dada yangu nafasi, mradi karo ifike kabla ya Ijumaa saa tisa. Mama akauza punda wake wawili waliokuwa wakibeba mchanga wa wajenzi mjini Amu, akaniachia mimi kazi ya kutuma pesa. Niliaminiwa kwa sababu huwa sikosei. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwenye meza ya mapokezi ya nyumba ya wageni Shela, na hata bili ya chai naichapa upya nikiona mstari umepinda.

Nilituma Jumatatu. Jumatano chuo kikasema hakijaona kitu, nikakimbilia benki.

"Zimeingia kwa mtu mwingine," afisa aliniambia. "Hukuhakikisha namba?"

"Mara tisa."

"Ukilinganisha na nini?"

Barua ya chuo ilikuwa imelowa kwenye boti. Sikuyavumilia madoa, nikaichapa upya, kisha nikaitupa ile ya kwanza. Tarakimu moja wino ulikuwa umevuja; niliiona ni tatu, nikaandika tatu. Mara zote tisa nililinganisha kosa langu na kosa langu.

"Zirudishe basi, dada, nakuomba."

"Siwezi kuchukua pesa kwenye akaunti ya mtu bila idhini yake. Tumempigia, hapokei. Jaza fomu hii."

Simu yangu ikalia. Mama.

"Mwanangu, zimefika?"

"Zi ndiani, mama."

Nilimdanganya kuwa ziko njiani, kalamu ikiwa mkononi. Penye sababu ya kosa niliandika "hitilafu ya mtandao", nikaona aibu, nikayakata maneno hayo kwa mstari. Nikaomba fomu nyingine, safi.

"Kaka, tunafunga. Andika hapo hapo."

Nikaandika chini ya maneno niliyoyakata: nilikosea mimi.

Ijumaa saa tisa ikapita. Dada yangu alikipelekea chuo picha ya ile fomu kuomba muda, akajibiwa kwamba nafasi amepewa aliyemfuata.

Mwezi uliofuata mwenye akaunti alikubali, pesa zikarudi zote. Nilikwenda kuwanunua punda tena. Mnunuzi akacheka. "Hii ni bei ya mmoja, bwana."

Nilirudi na mmoja. Dada yangu alikuwa mlangoni, na tangu siku hiyo yeye ndiye anayemswaga akiwa amebeba mchanga. Alinipokea kamba bila kunitazama.

"Umemhesabu, kaka? Mhesabu tena. Mara tisa."