Diski Nane, Nyumba Mbili

Mwaka 1971, nikiwa na miaka kumi na mmoja, ng'ombe wa baba waliugua wakaisha wote msimu mmoja, na baba mwenyewe akawafuata kabla mahindi hayajakomaa. Hapo ndipo shida ilipoanza. Shule niliiacha darasa la tatu. Kaka yangu aliendelea kwa sababu mjomba alisema ana uwezo wa kusomesha mmoja tu, na kaka ndiye aliyekuwa na kichwa chepesi. Mimi nilichunga ng'ombe wa watu, nikabeba magunia pale Sirari, kisha nikaenda kukaa kwenye baraza la fundi cherehani mmoja mjini Tarime. Nilimtazama mikono kila siku mpaka alipochoka kunifukuza, akanipa suruali niipinde. Ufundi wangu wote niliuiba kwa macho. Sijawahi kulipia hata somo moja na sioni aibu kusema.

Naandika habari ya mashine ambayo nusura niiuze kama chuma chakavu. Na naandika kwa sababu kuna mambo ya kompyuta niliyoyaona katika kuihangaikia ambayo hata leo, nikikaa peke yangu, nayarudia kichwani.

Mashine yenyewe ni ya kudarizi. Mimi na kaka tuliinunua ng'ambo ya mpaka, Isebania, kwa mtu aliyekuwa anafunga kiwanda chake. Ilikuja na kompyuta yake, nzito kama jiwe la kusagia, kioo chake kimetokeza nyuma kama nundu. Kompyuta ndiyo inayoiambia sindano iende wapi, ishone nini, ibadili uzi saa ngapi. Kaka alishika kompyuta, mimi nikashika sindano. Ukiona sweta la zamani la shule huku kwetu, au joho la kwaya lenye nembo kifuani, geuza utazame upande wa ndani. Kama nyuzi zimekaa sawa, hilo limetoka kwetu Nyamisangura, hapa Tarime.

Kaka alikuwa mtu wa tahadhari. Alichukua programu ya mashine pamoja na nembo zote tulizowahi kushona, akazibana zikawa furushi moja, furushi akalikata vipande na kuviweka kwenye flopi nane. Kwa ambaye hakuziona, flopi, au diski, ni kibao cha plastiki kinachoingia mfuko wa shati, ndani kina utando mweusi unaotunza mambo ya kompyuta. Aliziandika namba kwa kalamu nene, moja hadi nane, akazifungia kabatini. Aliniambia hiyo ni akiba, nikasema sawa, nikaendelea na kazi.

Alipofariki, wazee wa ukoo walikaa kugawa. Kaka aliacha nyumba mbili, yaani wake wawili na watoto wao. Kwetu mali inafuata nyumba, na nyumba kubwa inatangulia kuchukua. Ng'ombe waligawiwa, mabati yakagawiwa, viti vikagawiwa. Kisha mzee mmoja akafungua kabati akatoa zile diski, akauliza ni nini. Nikamwambia ni vitu vya kaka vya kazi. Akazihesabu.

"Ziko nane," akasema. "Zinagawanyika."

Nyumba kubwa ikapewa nne za mwanzo, nyumba ndogo nne za mwisho. Hakuna aliyecheka. Hata mimi niliona ni haki, kwa sababu kumpa mjane sehemu, hata ya kitu usichokijua, ni kumwambia bado ni mtu wa boma hili. Mashine ikabaki kwangu kwa kuwa tuliinunua wawili na mimi ndiye niliyekuwa na mikono juu yake.

Baadaye wajane walikosana juu ya shamba. Mdogo akarudi kwao Ringwani, upande wa Serengeti, na diski zake. Sikumfuata. Mashine ilikuwa inatembea, sikuwa na sababu.

Mwaka jana radi ilipiga transfoma ya mtaa wetu, ile kompyuta ikatoa moshi. Sindano zikasimama katikati ya herufi. Wanawake wanaonifanyia kazi walikaa wanasokota vidole, masweta ya Januari yanasubiri nembo. Mnunuzi wa chuma chakavu alipita, akaizunguka mashine, akaigonga kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji. Nikamwambia atoke nje. Lakini usemi wake uliniingia: alisema atarudi.

Nikaibeba kompyuta mpaka kwa fundi kompyuta mmoja wa hapa mjini, mtu mzima, wazazi wake walitoka Tanga wakaja kufanya biashara wakabaki. Aliniamkia vizuri, akafungua, akanusa, akasema ndani kumeungua kote. Akauliza kama kuna nakala mahali. Nikakumbuka kabati la kaka.

Shemeji mkubwa, yule wa nyumba kubwa, alizitoa za kwake sandukuni, zimeviringishwa kwenye khanga, safi kama siku ya kugawa. Fundi akachomeka kisomea flopi kwenye kompyuta yake mpya, akaingiza namba moja. Kaka alikuwa ameweka humo pia ile programu yake ya kubania na kufungulia. Fundi akaigusa. Kompyuta ikakataa.

"Mfumo mpya unasema programu hii haiwezi kuendeshwa humu," akasema.

"Imeharibika?"

"Haijaharibika, mzee. Ni ya zamani."

"Mimi pia ni wa zamani, na ninaendeshwa humu humu."

Alicheka, kisha nikamkalia kooni anieleze. Sipendi kuambiwa haiwezekani na mtu asiyetaja sababu. Akatafuta mfano. Akaniuliza kama nakumbuka mahakamani zamani, mzee asiyejua Kiswahili alisimama mbele ya hakimu asiyejua Kikurya, na kati yao akawekwa mkalimani. Nikamwambia nimesimama hapo mwenyewe. Basi, akasema, mifumo ya zamani ilikuwa na mkalimani wa programu kama hizi. Wenye kumhitaji walipopungua, wenye mfumo wakamwondoa. Programu haijasahau lugha yake. Imekosa wa kuisikiliza.

"Sasa umtafute mkalimani," nikasema.

"Nitafanya zaidi. Nitaweka kompyuta nzima ya zamani ndani ya hii mpya."

Nilidhani ananitania. Akabofya hapa na pale, na katikati ya kile kioo chembamba kikatokea kidirisha cheusi chenye maandishi meupe. Kilekile cha kaka. Kile kijistari kinachopepesa, kinasubiri uandike. Nilivuta kiti. Nikamuuliza kama hiyo ya ndani inajua kwamba iko ndani ya nyingine. Akasema haijui. Inaulizia vyuma vyake, nayo kompyuta mpya inajibu kila swali kana kwamba vyuma hivyo vipo. Inaamini bado ni miaka ile.

Nikasogeza uso karibu na kile kidirisha. Nilitamani kukiuliza habari za kaka.

Fundi akaamsha programu ya kufungulia humo kidirishani. Safari hii ilikubali mara moja, halafu ikaandika kwamba iwekewe diski ya mwisho ya furushi. Sikuelewa. Mtu anafungua kitu kuanzia mwanzo. Akanieleza kwamba anayefunga furushi la namna hii huandika ramani mwisho, akishajua kila kitu kimelala wapi. Bila namba nane, hizi nne za mwanzo ni giza.

Na kubana kwenyewe kunakuwaje? Nilidhani wanakamua kama unavyokamua maji kwenye nguo. Akasema hapana, chukua wimbo wa kwaya. Kiitikio kinaimbwa baada ya kila ubeti, lakini kwenye karatasi unakiandika mara moja, kwingine unaandika tu "kiitikio". Karatasi imepungua, wimbo haujapungua neno. Hapo nikaelewa kwa nini nembo zetu zilibanika vizuri. Nembo ni mshono uleule unaorudiwa mpaka uzi uishe. Maisha yangu yote nimekuwa nikishona viitikio.

Basi ikabidi niende Ringwani.

Nilimkuta shemeji mdogo anapura ulezi. Alinyoosha mgongo, akanitazama, akauliza kama nimepotea njia. Watu wa kwao wakanipa kiti na togwa. Alisubiri nimalize kibuyu, akaja akakaa mbele yangu.

"Umekuja kuniona mimi au umefuata kitu?"

"Nimefuata zile diski."

"Afadhali hukudanganya."

Nikamweleza yote, radi, moshi, kidirisha cheusi, ramani ya mwisho. Alisikiliza kwa makini kuliko nilivyotegemea.

"Kwa hiyo bila diski zangu mashine haiamki."

"Haiamki."

"Basi diski zangu ni mashine."

Nikamwambia mashine ni yangu, wazee walisema hivyo, na yeye alikuwepo.

"Ilikuwa yako ilipokuwa inatembea," akasema. "Sasa hivi shemeji una chuma. Wazee walinipa nne mkononi, hawakusema ni za kuchezea. Nataka theluthi ya kila itakachoshona, na uniambie hivyo mbele ya mwenzangu, kwa mdomo wako."

Nilisimama nikaondoka bila kuaga. Nilifika barabarani nikasubiri gari, na gari lilipokuja sikulipanda. Wazee walikuwa wamempa kitu cha kweli, wao wenyewe hawakujua, mimi sikujua, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukisoma sawasawa. Ningeweza kuchukia. Lakini hasira haiendeshi sindano, na mtu wa chuma chakavu alisema atarudi. Nikarudi pale penye ulezi.

"Theluthi," nikasema.

"Sijasikia, nilikuwa napura."

Nikasema tena. Hapo ndipo alipoingia ndani. Diski tatu alizitoa kwenye kabati la vyombo. Ya nne aliitoa juu ya redio. Alisema marehemu aliipenda redio, na namba sita ndiyo iliyokuwa na mwandiko wake mzuri kuliko zote, kwa hiyo aliiweka pale aione. Alikataa kunikabidhi hata moja. Alizifunga kwenye kitambaa akapanda gari nami.

Wajane walikutana kwenye duka la fundi. Tangu ugomvi wa shamba hawakuwa wameonana. Mkubwa alimtazama mwenzake kuanzia viatu.

"Umenenepa."

"Ringwani kuna ulezi."

Wakakaa benchi moja. Kama palikuwa na upatanisho mwingine, mimi sikuuona. Nikasema neno langu la theluthi mbele ya wote, na fundi akiwa shahidi. Shemeji mkubwa akageuza shingo.

"Na zangu nne ni za watoto kuchezea?"

Mdogo akainamisha uso kuficha kicheko. Nikaona kabisa kwamba nikijadiliana nitatoka na robo. Nikasema theluthi, theluthi, na theluthi. Fundi akakohoa, akasema tuanze.

Shemeji mdogo aliingiza namba nane kwa mkono wake. Kisomea kikalia, kidirisha kikasoma ramani, kikaomba namba moja. Mkubwa akaingiza. Majina ya kazi zetu yakaanza kushuka mstari kwa mstari, na programu ya mashine ikatangulia. Mbili, tatu, nne. Halafu mdogo, namba tano. Ilipofika sita kisomea kikaanza kukwaruza kama jembe juu ya mwamba. Kikajaribu, kikaacha, kikajaribu, kikaandika kwamba hakisomi.

Fundi akauliza ilitunzwa wapi. Aliposikia redio akatikisa kichwa. Spika ina sumaku, na sumaku inafuta flopi. Shemeji mdogo akaziba mdomo kwa kiganja. Nilijua mwenzake atampiga neno, na lilikuwepo la kumpiga.

"Hata mimi ningeiweka palepale," mkubwa akasema. "Alivyoipenda ile redio, sisi sote tulikuwa nyuma yake."

Nilidhani kipande kimoja kikioza furushi zima limekwenda. Fundi akasema siyo lazima. Kila nembo imebanwa peke yake, na ramani ya mwisho inaonyesha kila moja inaanzia wapi. Akatafuta programu nyingine ya kuokoa, akairuka sita, akaendelea na saba. Zilizolala ndani ya sita zilipotea. Nyingine zote zilitoka nzima, hakuna herufi iliyokosekana, baada ya miaka yote ile kabatini na sandukuni.

Siku ileile fundi akaniuzia ile kompyuta yake mpya, tukaibeba mpaka kwangu, tukavuta waya kutoka humo mpaka kwenye mashine. Sindano zilitetemeka, zikatulia, zikashuka. Kifuani mwa sweta la bluu ikaanza kutoka ile herufi iliyokatishwa na radi. Wanawake wangu wakarudi kwenye viti vyao bila kuambiwa. Mnunuzi wa chuma chakavu alirudi kweli, akasikia mlio akiwa bado barabarani, akapitiliza.

Katika zilizopotea kuna nembo ya korongo, ya shule ya kwanza kabisa kutupa kazi. Nimeichora upya kwa penseli, na fundi akaiingiza. Shingo haijakaa kama ya kaka. Najua mimi tu, na sasa wewe.

Kabla hatujatoka dukani, fundi alitaka kukusanya kila kitu kwenye flashi moja ili kisigawanyike tena. Wajane wakakataa kwa sauti moja, ndilo jambo la kwanza walilokubaliana. Kila mmoja alitaka ya kwake. Fundi akanakili mara tatu, dakika chache tu, na kila flashi ikawa na kila kitu. Nimekaa vikao vingi vya kugawa mali. Ng'ombe ukimpa huyu, yule amekosa. Ile ilikuwa mara ya kwanza kuona kila nyumba inapewa yote, na hakuna aliyepungukiwa. Niliwaeleza wazee. Mmoja akauliza kama yule fundi anaweza kufanya hivyo kwa mabati.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, Nyamisangura. Nina cherehani sita. Nina ng'ombe, mbuzi na shamba la mahindi na migomba. Nina pikipiki moja, inawaka. Nina kompyuta mpya, na ndani yake nina nyingine ya zamani. Nina flashi, iko sandukuni, mbali na redio. Nina theluthi moja ya mashine ya kudarizi.