Chumba Bora Melini

Mwezi uliopita mimi na mke wangu Nambozo tulitoka Mbale, tukapanda meli yenye vyumba vya kulala pale Jinja. Tuliruhusiwa kuchagua chumba. Nambozo alitaka cha chini katikati, kisichoyumba sana. Mimi, askari magereza niliyezoea kuamuru, nikampeleka juu mbele, kwenye chumba kizuri ajabu: madirisha mapana, ziwa lote mbele yetu. Nikavua viatu na soksi, nikajilaza.

"Unaona mume wako anavyojua kuchagua?"

Mlango ukafunguka. Akaingia mama mwenye sare nyeupe.

"Umechagua vizuri, bwana," akasema kwa upole. "Mimi ndiye nahodha, na hicho ni kitanda changu."

Nambozo alimtazama kwa heshima kubwa. Mimi pia, huku nikitafuta soksi zangu.