Kisiwa Kilichochelewa

Mwonyesha njia alikuwa akilala kifudifudi kwenye sakafu ya mtumbwi, akidai anasikiliza mawimbi kwa kitovu. Mawimbi hayo yalimkoromesha. Hinarere, mtunza nguruwe na miche ya mishelisheli ya kupanda huko waendako, alimtikisa kila asubuhi.

“Babu, tumepotea?”

“Sisi tumetulia tu, mjukuu wangu. Kisiwa ndicho kinachotujia. Kimechelewa.”

Siku ya ishirini na saba zilibaki nazi tatu, na watu wakawa wanamtazama nguruwe kwa njaa na mzee kwa hasira. Mzee akaguna, akasogeza kitovu kidogo. “Pindeni kushoto.”

Adhuhuri milima ikachomoza. Watu wakakumbatiana. Yeye akajikuna tumbo, akakifokea kisiwa: “Ulikuwa wapi siku zote hizi, wewe?”