Hadithi Zilizonuka Dagaa

Hadithi za kutisha, kwangu mimi, zinanuka dagaa. Mume wangu hucheka akinikuta nimejifungia chumbani na kitabu chenye picha ya kioo kinachotoka damu, pua nimeichomeka kwenye kurasa, nanusa. Najua humo hamna dagaa. Kitabu nimekinunua hapa Dodoma mjini, kwenye meza ya kijana mmoja anayeuza vitabu vya mtumba, na kinanuka vumbi tu. Lakini pua ina ukaidi wake. Nikifika pale chombo cha nyumbani kinapoanza kujisogeza chenyewe, narudi moja kwa moja dukani kwa Mzee Issa, hela ya mboga mkononi.

Mzee Issa alikuwa Mrangi wa Kondoa aliyekuja kufungua duka kijijini kwetu, mbele ya stesheni ya Zuzu, mahali ambapo treni tuliisikia zaidi ya tulivyoiona. Magazeti ya zamani aliyaleta kwa kilo kutoka mjini, ya kufungia dagaa, chumvi na sukari, na kwenye kurasa za katikati palikuwa na hadithi za mfululizo. Ya kwanza niliyoisoma ilihusu cherehani. Fundi amekufa, cherehani imebaki dirishani, na kila asubuhi mjane anaikuta imeshona kitu: siku ya kwanza mfuko, ya pili shati lisilo na mikono, ya tatu... Hapo dagaa walikuwa wamelowesha wino. Wiki nzima sikuwa na raha. Nilipotumwa tena nikamwambia, "Shikamoo Mzee Issa, naomba unifungie kwenye ile ya cherehani." Akanitazama juu ya miwani. "Marahaba. Wewe mtoto unanunua dagaa au gazeti?" Tulikula dagaa mwezi mzima, mpaka mama mkubwa akauliza kama mlenda umepigwa marufuku na serikali.

Mama mkubwa ndiye aliyenilea. Mama yangu mzazi alikuwa akifanya kazi za ndani mjini, akaniacha kwa dada yake, mwanamke mrefu aliyelima uwele na karanga na ambaye kwenye kwaya ya kanisa alisimama na wanaume kwa uzito wa sauti yake. Kusoma hakujua. Kwa hiyo nilimsomea mimi, na pale karatasi ilipoishia nilimalizia kichwani mwangu. Baadaye hata karatasi sikuihitaji.

Sasa nikueleze tulivyokuwa tunakaa tukihadithiana. Mama mkubwa alikuwa na vikope, ule ugonjwa wa macho uliowasumbua wengi kwetu, hasa wanawake. Ukikaa nao miaka mingi, ukingo wa jicho hujikunja, kope zikageukia ndani na kulikwangua jicho kila unapopepesa. Alikuwa akisema ana mchanga usiotoka. Dawa ya nyumbani ilikuwa kibano. Cha kwake alitengenezewa na mhunzi, kipande chembamba cha chuma kilichokunjwa, na alikivaa shingoni kwa uzi pamoja na ufunguo wa sanduku lake. Mimi macho yangu yalikuwa mazima na vidole vyangu vyembamba, nikapewa kazi hiyo nikiwa na miaka tisa. Kila Jumamosi asubuhi, jua likishaupiga ukuta wa nyumba yetu ya tembe, alikaa chini akaegemeza kichwa mapajani mwangu, nami nikaanza kung'oa. Tk. Tk. Ili asitikisike, nilimhadithia.

Jamani, asubuhi zile! Nilimhadithia dumu la maji lililokuwa likirudi kisimani peke yake kutafuta mtu mwingine wa kumzamisha. Nilimhadithia ungo uliopepeta usingizi wa watoto, na kigoda kilichokumbuka uzito wa kila aliyekikalia, kikamchukia mmoja. Alitetemeka, akacheka, machozi yakamtiririka, na sikujua kama ni ya hadithi au ya kope. Baada ya ile ya dumu alilifunga dumu letu kwa kamba kwenye nguzo ya zizi, eti likae na adabu. Lakini alikuwa na swali lake moja ambalo hakuacha kuliuliza: "Walikikosea nini?" Hakukubali kitu kigeuke kibaya bure. Lazima mtu awe amekipiga teke, au amekiiba, au amekisahau mvuani. Nikikosa sababu, alinyanyua kichwa na kuniambia hiyo haijaiva, niirudishe jikoni.

Nilipokuwa na miaka kumi, gari lenye spika likapita kijijini. Wataalamu wa macho watakuwa zahanati siku ya Alhamisi. Wenye kope zilizoingia ndani waje, watakatwa kidogo ukingo wa jicho na kushonwa, bila malipo, na watarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Jumanne mama mkubwa akafua kitenge chake kizuri. Nilimwona akikianika, na nikashikwa na wivu, sina jina lingine la kuuita. Kope zikipona, nani ataweka kichwa mapajani mwangu? Nyumba ile ilikuwa na watoto wengine watano, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na asubuhi yake na mama mkubwa isipokuwa mimi.

Jumatano haikuwa siku yetu, lakini nilimbembeleza akae. Nikamhadithia mkasi wa hospitali. Mkasi huo ulilala kwenye sinia la chuma, umefunikwa kitambaa cheupe, na ulikuwa umezoea ladha ya jicho. Daktari mwenyewe hakujua. Kila mara alidhani ni mkono wake uliomteleza, akaomba radhi, akaita mgonjwa mwingine. Ilikuwa hadithi yangu bora kuliko zote, na hata leo, pamoja na vitabu vyote nilivyosoma, sijaona ya kuishinda. Mama mkubwa alinyanyua kichwa. Kisha akauliza, "Na huo mkasi, waliukosea nini?"

Nikamjibu, "Hawakuukosea kitu. Ulikuwa hivyo tu."

Safari hiyo hakuirudisha jikoni.

Alhamisi hakwenda. Alisema ndege wamevamia uwele, lazima akaamie shamba. Ndege walikuwepo kweli, niliwaona kwa macho yangu. "Hao wataalamu watakuja tena," akasema, "na wewe upo na mikono yako." Nilifurahi. Sikufichi, nilifurahi siku nzima, na jioni niliosha vyombo bila kuambiwa. Kama ni ndege au ni mkasi uliomzuia, sijui, na sijawahi kuthubutu kumuuliza.

Wataalamu walikuja tena, ila si upesi, na walipokuja hakuona haja, kwa kuwa kila Jumamosi kibano kilimpa nafuu ya siku mbili tatu. Mwaka ukafuata mwaka. Nilimaliza shule, nikapata kazi mjini, kazi ya kibano ikarithiwa na binamu yangu mdogo niliyemfundisha mwenyewe. Nilikuja likizo moja nikamkuta mama mkubwa anamimina chai pembeni ya kikombe huku anaongea na kucheka, hajui.

Nikampeleka kwa daktari wa macho. Alikuwa kijana mpole, mwenye subira. Akammulika jicho la kulia, akammulika la kushoto, akarudia la kulia. Akaniambia vioo vya macho yote mawili vimejaa makovu, ukungu mtupu, na kwamba kukata na kushona kungemsaidia zamani, sasa kumechelewa mno. Kisha akauliza ni nani aliyekuwa akimng'oa kope. Nyingi hazikung'olewa, alisema, zilikatwa katikati, na visiki vyake huota vikiwa vigumu na vikali, vinakwangua kuliko kope nzima.

Mama mkubwa alijibu kabla sijafungua mdomo. "Nilikuwa najing'oa mwenyewe, baba." Akapapasa mpaka akaupata mkono wangu, akaubana ili ninyamaze. Na mimi nikanyamaza.

Mume wangu huniuliza mtu mzima anapata nini kwenye hadithi za vioo na makabati yenye roho mbaya. Napata faraja. Ndani ya hadithi hizo kitu kikiharibika hutoa dalili: kinalia, kinasogea, paka anakikimbia. Mtu mmoja anashtuka mapema, wenzake wanambeza, lakini mwishoni kitu kinachomwa moto na watu waliobaki wanakwenda zao. Kwetu hakuna kilicholia. Katika vyombo vyote vya nyumba ile nilivyovigeuza kuwa vibaya, kibano sikukigusa hata siku moja, kwa sababu nilikipenda. Kilikuwa na joto la kifua chake kila nilipokishika. Kilifanya kazi yake kimya kimya kwa vidole vyangu, huku mimi na yeye tukitetemeka kwa ajili ya dumu. Hilo nimelielewa nikiwa mtu mzima, na kulielewa hakujamrudishia hata mwanga wa mlango.

Mwezi uliopita nilikwenda kumtembelea. Alikuwa amekaa pale pale ukutani, kibano bado kiko shingoni na ufunguo wake, ingawa sanduku lenyewe limeshaliwa na mchwa. Akaniomba hadithi. Nilikaa karibu naye, halafu nikahamia upande wa pili kukwepa jua, na nikaamua kwamba leo nitasema. Nikaanza: palikuwa na kibano, kilivaliwa shingoni na mwanamke mmoja aliyependwa sana na mtoto.

Hakushtuka. Alisikiliza kidogo, kisha akauliza lile swali lake, kwa sauti ile ile ya kwaya: "Walikikosea nini?"

Nilitafuta jibu. Nililitafuta kwa bidii kuliko nilivyowahi kutafuta mwisho wa hadithi yoyote, na sikulipata. Yeye akaendelea kungoja, uso wake ameuelekeza pale nilipokuwa nimekaa mwanzo.