Nilimficha uso Mama Faith, nikachora kikombe chake

Wakuu, habari za mchana.

Mimi ni wa kusoma tu hapa na kupita. Leo naandika, na sitaongeza chumvi. Mkitaka kunitukana, tukaneni, lakini msome mpaka mwisho.

Mimi ni mchoraji. Nachora zile picha zinazokaa juu ya makala kwenye magazeti na majarida ya mtandaoni. Pia nawatengenezea mashirika madogo mabango ya haki za watu. Hiyo kazi ya mabango ndiyo nilikuwa najipigia kifua nayo. Nilijiona mtu wa wanyonge.

Sasa, mhariri mmoja alikuwa anaandaa makala kuhusu wafanyakazi wa nyumbani. Akaniuliza kama namjua yeyote anayeweza kuongea. Nikampa Mama Faith.

Mama Faith tunaimba naye kwaya moja huku Kangemi. Wakati huo alikuwa na miaka sita akifanya kazi Lavington, mtaa wa matajiri, kwa mama mmoja mwenye nyumba kubwa. Aliogopa kuongea. Nikamwambia jina lake halitatoka na sura yake haitaonekana, kwa sababu mchoraji ni mimi.

"Kama ni wewe, mwanangu, sina shida," akasema.

Hiyo "mwanangu" bado inanisumbua.

Alisimulia mengi, lakini mimi nilishikwa na kitu kimoja. Hakuruhusiwa kutumia vikombe vya nyumba. Alikuwa na chake cha bati, cha kijani, mkono umekatika akaufunga na waya wa shaba. Kilitundikwa kwenye msumari nje ya mlango wa jikoni, juu ya bakuli la mbwa. Alikuwa amekipiga picha kwa simu, akanionyesha.

Wachoraji walio humu wananielewa. Ukipata kitu kama hicho mkono unawasha. Ningeweza kuchora kikombe chochote cha bati, na Nairobi vimejaa. Nikachora kile kile. Waya nikauzungusha mara tatu kama ulivyokuwa. Msumari, bakuli la mbwa, vyote nikaweka.

Yeye mwenyewe nilimchora kwa nyuma. Nikamfunga kitambaa, nikampunguza mwili, nikaona nimemlinda vizuri sana.

Makala ilipotoka, picha ikasambaa balaa. Watu wakaibandika kwenye status. Shirika moja la kutetea wafanyakazi wa nyumbani likaiomba kwa kampeni yake, nikawapa kwa roho safi. Mabango yakachapishwa kule River Road mjini, na mimi nikasimama pale kwa mashine nikisifiwa kama bwana harusi.

Nikachukua bango moja, nikalitia fremu yenye kioo. Zawadi ya Mama Faith. Jumapili mbili alikuwa hajaonekana kwaya, nikadhani ni mambo ya shift.

Nilienda kwake Jumanne. Nikamkuta nje ya ploti anakopanga ameinamia beseni, anafua nguo za watu.

Jamani, hapo tu ningejua. Lakini nilikuwa nimejaa sifa, nikaanza kufungua gazeti nililofungia fremu.

Aliangalia ile picha hadi nikaanza kujisikia vibaya. Kisha akapangusa mikono kwa leso, akanieleza.

Picha ilikuwa imeingia kwenye group ya WhatsApp ya majirani wa kule Lavington. Mwajiri wake akatoka hadi mlango wa jikoni, akashika simu kando ya kile kikombe, akalinganisha. Hakupiga kelele. Alimwambia apange nguo zake aondoke, na majirani wote wakaambiwa wasimwandike kazi.

Nikaanza kujitetea. Nikasema, "Mama Faith, mbona mimi nilificha uso yako kabisa?"

Akacheka kidogo, ile ya kuchoka.

"Uso ungechora tu, mwanangu. Huyo mama miaka sita hajawahi niangalia kwa uso. Kikombe ndiyo alikuwa anaijua, maana kila asubuhi alikuwa anacheki kama iko kwa msumari yake."

Nikamnyooshea tu ile fremu.

Fremu aliipokea, kwa heshima tu. Picha aliitoa, akaikunja, akanirudishia.

Niliwaandikia wale wa shirika waondoe mabango. Wakanijibu kwamba picha imegusa watu wengi na kampeni inaendelea. Wiki jana nimeliona moja mjini, watu wamesimama mbele yake wanapiga selfie. Nilipita upande wa pili wa barabara.

Nilichojifunza ni kidogo na kimechelewa. Kabla picha haijatoka, ningempelekea yeye kwanza. Angekiona kile kikombe mara moja na kuniambia nikitoe. Sikumpelekea kwa sababu nilitaka kumshangaza.

Mnaochora, mnaopiga picha, mnaoandika habari za watu: nyinyi huwa mnawaonyesha kazi kwanza? Na kuna yeyote anayejua nyumba inayotafuta mtu mwaminifu wa kazi, mbali na Lavington? Comments ziko wazi, hata za matusi nitazisoma.