Tairi Mbili za Masunga

Hili ninaloandika lilinipata mimi mwenyewe. Sikusimuliwa na mtu. Anjela, mjukuu wa ndugu yangu, aliniambia nisiliandike, watu watasema bibi amezeeka. Waseme. Nilisoma darasa la pili tu, lakini majina sisahau, na baadhi ya waliokuwepo bado wako hai. Tena wengine watasema mambo ya namna hii ni ya usiku. La kwangu lilikuwa saa tisa mchana, jua kali, barabara nyeupe mpaka macho yanauma.

Ilikuwa miaka ya tisini, mwaka ule mvua zilipochelewa. Nilikuwa nakaa Majengo, hapa Mpanda, na mwanangu Gaudensi. Watoto nilizaa watatu. Skolastika na Pius niliwazika wadogo, na baba yao Salvatori akafuata. Nikabaki na Gaudensi peke yake. Naomba ulishike hilo, maana yote niliyoyafanya niliyafanya kwa sababu hiyo.

Gaudensi alikuwa karani wa kupima tumbaku vijijini. Sasa kulikuja wazungu wawili kutafuta madini, na kila mmoja alikuwa na pikipiki ya mashindano, zile ambazo mtu anainama juu yake kama anakunywa maji mtoni. Sijui nani aliwadanganya kwamba huku kuna lami. Walipoondoka wakaziuza. Moja akaichukua mwanangu. Ya pili tulisikia imeenda kwa kijana wa Kisukuma, upande wa Kabungu, mtoto wa watu wenye ng'ombe.

Ilikuwa nzuri, sikatai. Ikipita Majengo watoto wanatoka ndani na tonge la ugali mkononi. Lakini tairi, ndugu yangu. Ya nyuma iliisha mpaka nyuzi zikatoka, ukipitisha kiganja unachomwa. Ya mbele ilikuwa imepasuka ubavuni. Fundi Meshaki aliweka kipande cha tairi ya gari kwa ndani, akashona, baada ya siku tatu ikafumuka pale pale. Gaudensi akaanguka mara ya kwanza, tukanyamaza. Mara ya pili akaangukia Kakese, akarudi bega limechunika mpaka nyama nyeupe inaonekana. Nikawa namwosha kwa maji ya chumvi huku namwambia, "Baba, kiache kwanza hicho kitu."

Akacheka, na maumivu yale. "Mama, ni tairi tu. Nikipata tairi utaniona mpaka nazeeka."

Basi tukaanza kutafuta. Fundi Meshaki akaniweka chini kama mwanafunzi. "Mama Gaudensi, huyu mnyama hali kila chakula. Nyuma anataka mia na sitini kwa sitini, rimu kumi na saba. Mbele mia na ishirini kwa sabini, kumi na saba hiyo hiyo. Ukiletewa nyembamba, kataa." Nikazishika zile namba kichwani, nikawa nazitaja nikichota maji.

Dukani kwa Mzee Kasimu nilizitaja zote bila kukosea. Akavua miwani. "Mama, za kwangu zote ni kumi na nane, nyembamba, za kubebea mkaa. Hiyo yenu ni ya kuolea. Kaitafutie Dar." Mjomba wa Gaudensi, Deusi, aliyekuwa Tabora, akatuma moja kwa treni. Rimu ilikuwa sawa, upana hapana. Meshaki akaipima, akaiegemeza ukutani. "Itaingia, ila kona ya kwanza itamtema."

Halafu akakumbuka. "Ile pacha yake ya Kabungu iliagiziwa tairi mpya kabisa, mbele na nyuma. Nilizifunga mimi. Tangu hapo sijaiona ikipita. Labda injini imekufa. Nenda kaulize kwa baba wa yule kijana, Mzee Ng'wandu."

Bega la Gaudensi lilikuwa bado bichi, na Jumatatu msimu wa kupima ulikuwa unaanza. Nilijua atapanda hata na tairi zile zile. Nikaenda mimi.

Lori la mahindi lilinishusha Kabungu, nikaelekezwa njia ya miguu kupita porini. Mbung'o wa njia ile wananijua. Walinila shingo, walinila mgongo kupitia kitenge, natembea najipiga na tawi. Nikamkuta kijana amekaa kwenye gogo kando ya njia. Amevaa koti jeusi zito, kwenye joto lile, na katambuga miguuni. Na hapa niamini: mbung'o walionifuata hawakwenda kwake hata mmoja. Nililiona hilo. Niliona, nikasema moyoni labda amejipaka dawa.

"Mwadila, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma, yaani habari za mchana, mama.

"Mwadila, baba."

Akageukia Kiswahili. "Unaenda kwa Mzee Ng'wandu kutafuta tairi."

Nilidhani Meshaki ametangulia kumwambia mtu. Wewe ungedhani nini?

"Za ngapi?" akauliza. Nikataja. Akatabasamu. "Mayu umesoma."

"Sijasoma. Nimeshika tu."

Akaanza kunifundisha, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima. Nisidanganywe na weusi, kuna watu wanazipaka rangi. Nibonyeze kwa ukucha, raba ikirudi iko hai, ikibaki na alama imekufa. Niangalie ubavuni, maana tairi iliyolala juani hupasuka kama kisigino. Na kuna mshale umechorwa, fundi aufuate mwendo wa gurudumu, wengi hawauangalii. "Nyumbani zipo mbili," akasema. "Hazijamaliza hata wiki. Waambie Masunga amesema uchukue."

"Kumbe ndiye wewe Masunga. Sasa wewe utatembelea nini?"

"Mtanipakia."

Nikamjibu kama mtu yeyote anavyomjibu mtu mwema. Nikasema, "Bila shaka, baba. Tutakupakia." Nilipopiga hatua kama kumi nikageuka kumwuliza nikate kushoto au kulia. Gogo lilikuwa tupu.

Nyumbani kwa Mzee Ng'wandu niliona wanaume wamenyoa vichwa, na mikeka bado imetandikwa nje. Ningepaswa kuelewa hapo hapo. Lakini nilikuwa na namba kichwani na Jumatatu rohoni. Nikasalimia, nikasema shida yangu, nikamaliza na kusema Masunga ameniruhusu, nimemwacha njiani.

Mama mmoja aliyekuwa anapepeta mtama akasimamisha ungo. Huyo alikuwa Kabula, mama yake Masunga. "Amevaa nini?"

"Koti jeusi na katambuga."

Akainuka akaingia ndani.

Mzee Ng'wandu akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya zizi. Kaburi lilikuwa limefunikwa miiba ili ng'ombe wasilikanyage. "Homa," akasema. "Siku tatu tu. Leo wiki ya saba. Tulimzika na koti lake."

Nikakaa chini pale pale.

Nikauliza jambo moja, na sasa naona aibu kulisema. Niliuliza kama pikipiki ilipata ajali. Akasema haikupata, imesimama ghalani tangu alipougua. Nikapumua. Nikasema basi si tairi za ajali, hazina damu.

Mzee akaniambia wazi, na hakuniambia kwa ukali. "Msiba haujaisha, mama. Namsubiri kaka yangu Gamaya kutoka Maswa. Akifika tutavigawa vitu vya marehemu mbele ya ukoo, kila mtu apokee chake kwa mkono. Kisichogawiwa bado ni chake. Vumilia wiki mbili, nitakutengea hizo tairi."

Nilikuwa silijui hilo? Nilijua. Mimi ni Mpimbwe wa Usevya na sisi tunafanya hivyo hivyo. Jembe la Salvatori lilisimama ukutani mpaka ndugu zake walipokuja, na shamba lilikuwa linaota majani. Nilijua. Lakini wiki mbili Gaudensi angekuwa amekufa mara kumi. Nikasema, "Baba, mwenyewe kanipa. Kwa mdomo wake."

Mzee akatikisa kichwa. Kabula akasema kutoka ndani, "Kama amesema, mpe. Lini mimi nimemnyima kitu?" Sauti yake ndiyo iliyomaliza maneno. Wakazifungua, wakanifungia kwa kamba ya katani. Hawakutaka chochote.

Kwenye lori nilizibonyeza kwa ukucha. Zilikuwa hai. Zilikuwa bado na vile vinyweleo vya raba ambavyo tairi mpya huzaliwa navyo.

Gaudensi sikumwambia kitu. Nilisema zimepatikana Kabungu, basi. Meshaki alizifunga kwa maji ya sabuni, nikamsimamia mpaka nikauona mshale umekaa sawa. Jumatatu mwanangu akaondoka, na mara ya kwanza tangu inunuliwe pikipiki ile nilikula chakula nikashiba.

Alhamisi jirani yangu Mama Zuhura akaniita kwenye ua. "Gaudensi siku hizi ana rafiki? Kila akipita amepakia kijana wa koti jeusi. Hata salamu hatoi."

Jioni nilimwuliza Gaudensi kwa mbali. Akasema hajapakia mtu. "Ila nyuma kuzito, Mama, kama nina mzigo wa tumbaku. Na nikifika njia panda ya Kabungu usukani unavuta wenyewe. Meshaki aangalie."

Hapo ndipo ningesema. Niambie, ungekuwa wewe ungesema? Nilifikiri nikimwambia atazitoa, atarudisha zile za zamani, na barabara itamla. Nikanyunyizia pikipiki maji ya baraka akiwa amelala, nikanyamaza.

Jumamosi hakurudi. Jumapili hakurudi. Jumatatu alfajiri nikamwamsha Meshaki, nikamweleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama Gaudensi, ungeniambia nisingezifunga." Tukaenda Kabungu.

Pikipiki tuliikuta imeegemezwa zizini kwa Mzee Ng'wandu, haina hata mkwaruzo. Gaudensi alikuwa anakamua ng'ombe. Mwanangu, ambaye tangu mtoto akiona ng'ombe hukimbilia upande wa pili wa barabara. Alikuwa amepachika kibuyu katikati ya magoti, anaongea na yule ng'ombe Kisukuma, kile cha ndani, ambacho hakuwahi kukijua zaidi ya salamu ya sokoni.

Akaniona. Akaweka kibuyu chini, akafuta mikono, akaja kunipokea kwa mikono miwili kama mgeni wa heshima.

"Mwadila, mayu. Karibu. Zile tairi zilikufaa?"

Meshaki alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta wa ghala.

"Gaudensi," nikasema. "Ni mimi. Ni mama yako."

Akanitazama kwa huruma. "Mama yuko ndani. Nikuitie?"

Kabula alitoka. Tulitazamana, wanawake wawili, na nilikuwa nimejiandaa kumtukana. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Mimi sikumwita," akaniambia. "Alifika Jumamosi, akainama mlangoni anavyoinama kila siku, akasema mama nina njaa. Ulitaka nimjibu nini?"

Gamaya alipofika kutoka Maswa ukoo ulikaa. Walizitoa zile tairi wakazitandika kwenye mkeka pamoja na fimbo yake, blanketi lake na redio. Gamaya akagusa kimoja kimoja, akataja jina la wa kupokea. Alipofika kwenye tairi akarudisha mkono. "Hizi zilishatoka kabla ya msiba kuisha. Zilitoka na mwenyewe. Mimi siwezi kugawa kilichotoka."

Tulijaribu, usidhani hatukujaribu. Padri alikuja. Mganga kutoka Inyonga alikuja. Deusi na wenzake walimfunga kamba wakamrudisha Majengo, akalala kwenye kitanda chake mwenyewe siku tatu akilia arudishwe kwao, mpaka majirani wakaniambia nimfungue. Nikamfungua mwenyewe. Aliondoka kwa miguu bila kuaga, na tairi zile zilikuwa zimeshachomwa moto, kwa hiyo si tairi tena zilizomvuta.

Yuko huko hadi leo. Ana mvi. Ameoa, ana watoto saba, ng'ombe wanamsikia. Kabula alifariki, na aliyenyoa kichwa kama mtoto wake wa kumzaa alikuwa yeye. Nilikwenda kwenye msiba ule, nikakaa na majirani. Kila Krismasi nakwenda. Wananipa kiti cha mgeni, wananichinjia kuku, watoto wake wananiita bibi kwa sababu kila mzee ni bibi. Akivua shati kuoga naliona lile kovu la Kakese begani, nililoliosha kwa chumvi. Hilo tu ndilo langu.

Sasa nyie vijana wa bodaboda mnaonunua tairi za mkononi, nawaona mnabonyeza raba, mnaangalia nyufa. Ni vizuri. Lakini mwulizeni muuzaji, mwenye tairi yuko wapi. Akisema amefariki, ulizeni msiba umeisha, vitu vyake viligawiwa na nani, mbele ya nani. Akibabaika, ondokeni. Na ukikutana na mwenyewe njiani akakupa kwa mdomo wake, ndiyo usichukue kabisa. Mshukuru, rudi nyumbani mikono mitupu, na mtoto wako atembee kwa miguu.

Mimi sala yangu ilikuwa moja tu, asife barabarani. Hakufa.