Nani Aliamuru Injini Izimwe

Jumanne, tarehe 9 Agosti 2022. Jambo moja limethibitishwa: Mto Naili haupiti Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Mtu wa Koboko akiwa nahodha, ujue alitoka kwao akaufuata. Latifu, Mnubi wa ukoo wa askari, aliufuata angali kijana, akaendesha mashua za mizigo kati ya Panyimur na Rhino Camp hadi mvi zikamwota, na mdogo wake Nasiri akajifunza kazi mikononi mwake. Jumanne hiyo Latifu alikuwa ameketi kwenye mkeka wa matanga nyumbani kwa mama yao huko Koboko, amekasirika.

Nasiri alikuwa amezikwa juzi yake. Mjini walisema alisinzia akaigongesha mashua ya watu, na kila kundi la waombolezaji lililoingia lilimletea mama yao, Rabia, maneno hayohayo.

Latifu hakuyakubali. Alikuwa amemfundisha mwenyewe: omo ni mbele ya chombo na tezi ni nyuma, kushoto kwa chombo ni kushoto kwa anayetazama omo, hata kama wewe umegeuka kuzungumza na abiria. Mashua mbili zikikutana uso kwa uso, kila moja igeukie kulia, zipishane kushoto kwa kushoto. Na usizime injini ndani ya mkondo, kwa kuwa katika mashua zile injini iliyofungwa tezi ndiyo usukani. Ukiizima, chombo ni gogo tu. Lakini matajiri wa mashua walikuwa na desturi yao. Chombo kikiteremka na maji, petroli ya nini? Mto wenyewe unapeleka. Latifu alipoikataa desturi hiyo, tajiri wake Asiku alimfukuza, akamkabidhi Nasiri mashua.

Adhuhuri Asiku akafika kutoka Arua na gari, sukari na mchele nyuma.

“Poleni sana,” alisema. “Hii iko kazi ya Mungu. Kijana alichoka, usingizi ikamushika.”

“Rudisha sukari yako kwa gari,” Latifu akasema.

“Latifu, heshimu matanga.”

“Wewe heshimu maiti! Injini ilikuwa inawaka ao ilizimwa?”

“Mimi nilikuwa Arua. Nitajua namna gani?”

“Wewe unakaa Arua Hill, lakini simu yako inafika mpaka mtoni!”

Wazee wawili walimshika Latifu mabega wamketishe. Rabia akasema kutoka mkeka wa wanawake, “Mumuachie. Na huyu ajibu.”

Aliyeinuka kujibu ni Viola, mchuuzi wa samaki kutoka Ayivu, mkono umefungwa kitambaa shingoni. Alikuwa ndani ya mashua ya Nasiri siku ya ajali.

“Mzee Asiku, ulipiga simu. Nasiri aliweka sauti kubwa sababu injini ilikuwa na kelele. Sisi wote tulisikia. Ulisema, ‘Zima! Petroli yangu si maji.’ Akakuambia kona iko karibu. Ukasema kama anaogopa, wanaume wa kazi iko wengi. Tukasikia injini inazimika.”

“Maneno ya wanawake wa samaki,” Asiku akasema, akitazama huku na huku apate wa kucheka naye. Hakumpata.

“Hakulala?” Rabia akauliza.

“Hakulala, mama yangu. Alikuwa anapiga kelele, anaambia ile mashua nyingine ipishe.”

Latifu akajichomoa mikononi mwa wazee. Alibeba gunia la sukari begani, akalirusha nyuma ya gari kwa kishindo. La mchele likafuata, likapasuka, na hakuna aliyeinama kuokota. “Ulimuzimia injini,” alimwambia Asiku dirishani, aliyekuwa ameshaingia garini, “halafu unakuja kumuzimia jina. Toka!” Gari likaondoka. Mkekani, mzee mmoja aliyekuwa ameisambaza habari ya usingizi akamwomba Rabia radhi. Rabia aliitikia. Latifu hakumtazama.

Mashua iliyokuwa ikipanda iligeukia kulia, kama inavyotakiwa. Ya Nasiri haikugeuka. Kama aliivuta kamba ya injini ikakataa kuwaka, au hakupata hata nafasi ya kuivuta, haijulikani: magunia ya samaki yalirundikwa juu kuliko vichwa vya abiria, na hakuna aliyeweza kuona tezi.